Nini Huisimamisha Serikali?

Safari moja tulipokuwa kisiwani Mafia tulipita Miburani, tukakaribishwa barazani kwa mzee mmoja aliyekuwa akisuka makuti. Mjukuu wake, msichana wa sekondari, alikuwa na daftari la historia magotini. Baada ya kutuamkia na kutuletea dafu, alifungua daftari lile, akatuuliza jambo ambalo, tukisema kweli, wengi wetu tumelisoma mara nyingi bila ya kusimama.

"Padri, hapa mwalimu ametuandikia kwamba Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Mwalimu Nyerere akajiuzulu Uwaziri Mkuu tarehe 22 Januari 1962. Ni siku 44 tu! Mtu apiganie uhuru miaka yote hiyo, aupate, kisha aache kazi? Alishindwa?"

Babu yake hakutungoja. "Hakushindwa, mjukuu wangu. Alikuta nyumba ina paa, haina nguzo."

Jibu hilo la mzee lilitosha kwa barazani, walakini halitoshi kwa mtihani, wala halitoshi kwa sisi tunaotaka kujua jinsi nchi changa inavyopata serikali iliyo imara. Tuliahidi kumwandikia. Basi somo letu la leo ni deni la dafu lile, na tunaziomba familia zote zilisome pamoja, kwa kuwa vijana wetu wanaulizwa mambo haya shuleni, na wazee wao wengine waliyaona kwa macho.

Tutazame kwanza paa. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 chama cha TANU kilipata viti 70 kati ya 71 vya Bunge, na huyo mmoja aliyebaki alikuwa mwana-TANU aliyesimama peke yake. Majimbo 58 hayakupiga kura kabisa, kwa sababu wagombea wake hawakupata mpinzani. Kwa hesabu hiyo serikali ile ilianza na nguvu kubwa mno. Tulikuwa na Katiba, Bunge, bendera, wimbo wa Taifa, kiti katika Umoja wa Mataifa. Na hapakumwagika damu. Haya yote ni neema, wala si haki kuyadharau.

Sasa tuzitazame nguzo. Serikali haifanyi kazi kwa viti vya Bunge; hufanya kazi kwa mikono ya watu. Yuko karani anayeandika hati, yuko hakimu anayekata kesi, yuko daktari, yuko mpimaji wa ardhi, yuko askari wa polisi, yuko mkusanyaji wa kodi. Katika watu hao, wenye vyeo vya juu na vya kati walikuwa kwa sehemu kubwa Waingereza, na wengi wao walikuwa wakifunga mizigo. Mwalimu mwenyewe alipenda kukumbusha baadaye kwamba siku ya uhuru nchi nzima ilikuwa na madaktari wenyeji 12 na wahandisi 2, na kwamba katika watu wazima 100, wapatao 85 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka uleule wa 1961 ukame ulileta njaa katika sehemu nyingi za bara. Hebu mtu mwenye familia afikiri: siku anayokabidhiwa nyumba, ghala li tupu, fundi amesafiri, na watoto wanadai chakula.

Na watoto walidai kweli. Wananchi waliopiga kelele za Uhuru walitumaini kwamba kesho yake Mzungu atainuka kitini na mtu wao atakaa. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi walitaka jambo hilo lifanyike upesi. Mwezi wa Oktoba 1961, kabla hata bendera haijapandishwa, Bunge lilijadili sheria ya uraia, na baadhi ya wabunge wa TANU yenyewe walitaka uraia upewe Waafrika peke yao. Nyerere aliwajibu kwa hasira ambayo haikuwa kawaida yake, akasema kwamba sheria ile ikishindwa, serikali yake itajiuzulu. Sheria ikapita. Lakini yeye aliona jambo moja waziwazi: chama chenye viti 70 kati ya 71 hakina mpinzani mbele yake, kwa hiyo upinzani wote umo ndani yake.

Hii ndiyo sababu, kwa maoni yetu, ya siku zile 44. TANU ilijengwa kwa kazi ya kumwondoa mkoloni. Mkoloni alipokwisha kuondoka, chama kikabaki kama jahazi lililofika bandarini, mabaharia wakashuka kila mmoja kwa shughuli zake. Walio hodari wakaingia ofisini, na matawi ya vijijini yakalala. Nyerere alimwachia serikali Rashidi Kawawa, akaenda vijijini kulifufua lile tawi lililolala na kuwaeleza watu kwamba uhuru ni kazi. Kwa hiyo mzee wa Miburani alisema kweli. Lakini yafaa tuongeze kwamba haikuwa hatua salama. Wako waliodhani kwamba amesukumwa nje, na huko ng'ambo magazeti yakauliza kama Tanganyika imeanza kuyumba.

Kawawa alifanya mengi katika mwaka ule mmoja. Aliharakisha kuwaweka wenyeji katika vyeo. Wakuu wa Majimbo wa kikoloni waliondoka, wakaja Wakuu wa Mikoa na Wakuu wa Wilaya, ambao walikuwa watu wa serikali na watu wa chama kwa wakati mmoja. Hapo ndipo mwananchi wa kawaida, awe Songea au Mafia, alipoona kwa mara ya kwanza kwamba mambo yamebadilika, maana aliyekuja kumhimiza kulima alizungumza naye Kiswahili bila ya mkalimani. Mwaka 1963 sheria iliondoa pia utawala wa machifu. Jambo hilo katika nchi nyingine lingaliwasha moto. Kwetu lilipita kimya kwa kiasi kikubwa, na baadhi ya machifu walipewa kazi nyingine za heshima. Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Tukilinganisha na Uganda, ambako ugomvi wa Serikali ya Milton Obote na Kabaka wa Buganda uliishia kwa mizinga katika jumba la Lubiri, Mei 1966, tunaona kwamba tulipita mahali pembamba.

Lakini hatuwezi kusifu yote. Mwaka uleule wa 1962 Bunge lilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila ya kuwafikisha mahakamani, na sheria nyingine ya kubana migomo ya wafanyakazi. Tena waandishi wa Katiba walikataa kuingiza ndani yake orodha ya haki za binadamu, kwa hoja kwamba mahakimu, ambao bado wengi wao walikuwa wageni, wangezitumia kuifunga Serikali mikono. Hoja hiyo tunaielewa. Hata hivyo hatuikubali. Mtu aliyefungwa bila hukumu hana njia ya kujua kosa lake, na jirani zake hujifunza kunyamaza. Na serikali isiyosikia malalamiko haijui nguzo gani imeliwa na mchwa. Ilibidi tungoje mpaka marekebisho ya Katiba ya mwaka 1984 ndipo haki zile ziandikwe, miaka 23 baada ya uhuru.

Mchwa wenyewe walionekana upesi, na mahali ambapo hakuna aliyetazama. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo twaiita Lugalo, waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza, wakaingia Dar es Salaam. Kesho yake kikosi cha pili huko Tabora kikafuata. Walidai mambo mawili: mishahara mikubwa zaidi, na maofisa Waafrika. Jeshi zima lilikuwa na askari wapatao 2,000 tu. Lakini 2,000 wenye bunduki katika nchi isiyo na silaha nyingine ni wengi mno. Rais alijificha kwa siku mbili, naye Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, alikwenda kuzungumza na waasi, jambo lililohitaji moyo. Siku chache tu baadaye, askari wa Jinja nchini Uganda na wa Lanet nchini Kenya nao waliasi.

Tuangalie kwa makini yaliyowakasirisha askari wale. Wiki mbili kabla, tarehe 7 Januari, Rais alikuwa ametoa agizo kwamba tangu sasa kazi za serikali zitolewe kwa raia wote sawasawa, bila ya kujali rangi. Agizo hilo lilikuwa la haki. Lakini kwa askari ambaye bado anaamrishwa na ofisa wa kigeni miaka miwili baada ya uhuru, lilisikika kama mlango unafungwa kabla hajaingia. Hatusemi kwamba agizo lilisababisha uasi. Twasema kwamba hata jambo la haki, likitangazwa bila ya kuwaandaa wale watakaoona limewaumiza, hugeuka mzigo.

Tarehe 25 Januari Serikali ikawaita Waingereza, na wanamaji wao wakatua kwa helikopta kutoka meli ya Centaur. Uasi ukaisha katika saa chache. Mwalimu hakuficha kwamba lilikuwa jambo la aibu kwa nchi huru kumwita mtawala wake wa jana aje kuiokoa na jeshi lake yenyewe. Mwezi wa Februari aliwaita mawaziri wa nchi za Afrika wakutane Dar es Salaam, akawaeleza, na Nijeria ikatoa kikosi cha kulinda nchi mpaka jeshi jipya lipatikane. Jeshi lile la zamani likavunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi, ambalo askari wake waliruhusiwa kuwa wanachama wa TANU, kwa maana kwamba mtu aliye ndani ya nyumba hatairushia mawe. Tangu siku hiyo jeshi letu halijawahi kuipindua Serikali. Yeye ajuaye yaliyowapata jirani zetu wa Uganda mwaka 1971, na Kongo mwaka 1965, hataliona hilo kuwa jambo dogo. Lakini katika siku zile za Januari walikamatwa pia viongozi wa wafanyakazi wapatao 200, na mwezi uliofuata vyama vyao vyote vikaunganishwa kuwa kimoja chini ya Serikali. Nguzo moja iliwekwa, nyingine ikang'olewa.

Hapo tunafika kwenye habari ya chama kimoja. Januari 1964 iliundwa Tume chini ya Kawawa. Wengi hudhani kwamba Tume ile iliulizwa kama nchi iwe na chama kimoja. La hasha. Hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa na TANU mwaka mmoja kabla. Tume iliulizwa tu ni kwa namna gani mwananchi atabaki na uhuru wa kuchagua katika chama hicho kimoja. Jibu lake lilikuwa la werevu. Katika uchaguzi wa Septemba 1965 karibu kila jimbo lilipewa wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma apige kura. Walizunguka pamoja katika mikutano ileile, wakakatazwa kutaja kabila, dini au rangi, na lugha ya kampeni ikawa Kiswahili. Wananchi walikitumia kiwembe walichopewa: Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa jimboni mwake, na mawaziri wadogo kadhaa pia. Na wakati huohuo Amir Jamal, mwenye asili ya Asia, na Derek Bryceson, Mzungu, walishinda kwa kura za Waafrika, miaka minne tu baada ya ule mjadala mkali wa uraia. Tunasema wazi kwamba hilo lilikuwa ushindi wa nchi.

Lakini mpiga kura aliyeweza kumwondoa Waziri wa Fedha hakuweza kuiondoa sera ya fedha. Tofauti hiyo haikuonekana sana mwaka 1965. Ilionekana baadaye, hasa miaka ya 1970, wakati wa kuhamia vijiji, ambapo wengi walihamishwa kwa nguvu na hapakuwa na mtu wa kusimama Bungeni kwa niaba ya chama kingine kusema hapana. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume nyingine chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Karibu watu 8 kati ya kila 10 waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume, hata hivyo, ilipendekeza vyama vingi, kwa kuwa wale 2 nao walikuwa raia, na mwaka 1992 Katiba ikabadilishwa. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Mwalimu, aliyekijenga chama kimoja, alikuwa miongoni mwa wale waliosema hadharani kwamba wakati wake umepita.

Tulipofika hapa katika kumweleza msichana yule kwa ufupi, babu yake aliinua kichwa kutoka kwenye makuti yake. "Padri, umesema ya bara. Sisi tulikuwa karibu kuwa watu wa Unguja."

Na kweli walikuwa karibu. Mafia ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar mpaka mwaka 1890, ambapo Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi, Unguja na Pemba zikawekwa chini ya ulinzi wa Waingereza, nayo Mafia ikaenda kwa Wajerumani pamoja na pwani ya bara. Waingereza waliiteka mwanzoni mwa 1915 katika vita, na hatimaye ikawa sehemu ya Tanganyika. Kalamu ingaliteleza kidogo tu siku ile, na watu wa Miburani wangalipiga kura zao katika visiwa vile Januari 1961. Hebu tuone wangalikuta nini.

Walikuwapo wagombea wa viti 22. ASP ikapata 10, Hizbu ikapata 9, na chama cha tatu, ZPPP cha Muhammad Shamte, kikapata 3. Kiti kimoja, cha Chake Chake, kilipatikana kwa tofauti ya kura moja. Basi wale watatu wakawa ndio mizani. Nao wakagawanyika, wawili wakaenda kwa Hizbu, mmoja akaenda kwa ASP. Ikawa 11 kwa 11. Hakuna upande uliokuwa na viti vya kutosha, kwa hiyo serikali ya kudumu haikuweza kuundwa. Kikaongezwa kiti cha 23, kura zikapigwa tena Juni, na siku ya kura ghasia zikazuka. Watu 68 walikufa. Hizbu na ZPPP wakaunda serikali pamoja. Katika uchaguzi wa Julai 1963 ASP ilipata kura 54 katika kila 100, lakini viti 13 tu kati ya 31, na wale wawili walioungana wakaendelea kutawala. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963. Serikali hiyo ilidumu siku 33. Tarehe 12 Januari 1964 ikapinduliwa, na wengi wakauawa. Tarehe 26 Aprili mwaka huo Zanzibar ikaungana na Tanganyika.

Msomaji ataona kwamba mahesabu ya serikali ile yalikuwa halali kabisa. Sheria haikuvunjwa. Lakini nusu ya nchi na zaidi ilijiona imefungiwa nje ya nyumba yake, na waliokuwa ndani hawakuona haja ya kufungua dirisha. Kwa upande wa bara tulikuwa na ugonjwa wa chama kisicho na mpinzani. Kwa upande wa visiwani palikuwa na ugonjwa wa vyama viwili visivyoweza kukaa meza moja. Wote wawili huua serikali changa, na dawa ya mmoja si dawa ya mwingine.

Ilichukua miaka mingi kulirudia swali lile la 11 kwa 11. Vyama vingi viliporudi, uchaguzi wa mwaka 1995 na wa mwaka 2000 ulileta tena ugomvi mkali visiwani, na mwanzoni mwa 2001 watu waliuawa katika maandamano. Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana, wakakubaliana. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya pamoja. Karibu theluthi mbili walikubali, na Katiba ya Zanzibar ikaweka kiti cha Makamu wa Kwanza wa Rais kwa chama kitakachokuwa cha pili. Kile ambacho mwaka 1961 hakikuwezekana, sasa kiliandikwa kuwa sheria. Hakikudumu bila misukosuko: uchaguzi wa 2015 ulifutwa, CUF ikasusia ule wa marudio wa Machi 2016, na kiti kile kikabaki tupu kwa miaka kadhaa. Desemba 2020 Maalim Seif, akiwa sasa katika ACT-Wazalendo, alikubali kukikalia tena, baada ya uchaguzi ambao chama chake kilisema wazi kwamba haukuwa wa haki. Wafuasi wake wengi hawakupendezwa. Alifariki tarehe 17 Februari 2021, na Othman Masoud Othman wa chama chake akashika nafasi hiyo.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akafunga kuti lake. Mjukuu wake alikuwa ameandika kurasa mbili. Alichotaka kujua sasa ni kama habari ya 11 kwa 11 itatoka katika mtihani wa Taifa. Tulimwambia kwamba hatujui, lakini ayashike vizuri yale mahesabu ya viti, kwa maana hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea.